Koo la Tantine Faida

Juma lile walipomzika Douce, mama mmoja wa mtaa wa Kasuku, muuza sombe, majani ya muhogo, alimshika Victorine mkono katikati ya soko na kumshukuru kwa kikohozi.

"Aksanti sana, Mama Victorine," alisema. "Sisi tulifikiri Tantine Faida ametuacha. Kumbe iko. Jana nilimusikia."

"Ulimusikia nani?"

"Tantine Faida. Pale mwisho ya mchezo, mbele ya muziki. Akakohola vile anakoholaka siku zote."

Victorine alijaribu kutabasamu, akashindwa. Mchezo wa jana aliuandika yeye mwenyewe, na aliuandika makusudi bila Faida ndani yake, kwa sababu Douce, mwanamke aliyempa Faida sauti, alikuwa tayari chini ya udongo. Hakukuwa na kikohozi. Alitaka kusema hivyo, lakini yule mama alikuwa amekonda hadi mifupa ya kifua imetokeza, na usoni alikuwa na furaha. Akamwacha. Mwaka ule njaa iliwasikizisha watu mambo mengi.

Ulikuwa mwaka wa kuzingirwa. Wenye bunduki walikuwa ndani ya mji wa Kindu, wenye bunduki wengine walikuwa wameuzunguka msituni, na raia aliyethubutu kwenda shambani kung'oa muhogo wake alipigwa risasi na upande huu au ule, kila upande ukimwita jasusi. Treni haikuja. Chumvi iliisha, sabuni ikaisha, dawa zikaisha. Kilichobaki ni Redio Ukingo: vyumba viwili vya matofali nyuma ya karakana ya reli, mashine ya umeme iliyowaka ilipotaka, na mchezo wa kila alasiri ulioandikwa na Victorine Mpoyi, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kasai.

Mchezo ulihusu mjane mwenye mtumbwi aliyevusha watu kati ya mji na mtaa wa Alunguli ng'ambo ya mto. Kila siku ulianza vilevile. Abiria alisimama ukingoni akaita, "Tantine Faida, uko?" Naye, kutoka mbali majini, akaitika, "Niko, ngoja!" Halafu kikohozi kidogo, maana Douce alikuwa na kifua kibaya, na wasikilizaji walikipenda kikohozi kile kuliko maneno. Faida aliwagombeza askari nao hawakumpiga. Aliwaficha wasichana chini ya mikeka. Aliipata chumvi. Katika mji ambao kila mtu alishindwa kila siku, yeye alishinda.

Ndiyo maana hawakumwachia Victorine amwandike anavyotaka. Penye redio yenye betri barabara nzima ilikaa kuizunguka, na mchezo ukiisha walituma wajumbe studioni. Juu ya nini Faida amemwogopa kapiteni? Faida haogopi. Victorine aliandika Faida anaolewa. Wakakataa, na ndoa ikavunjika. Aliandika mtumbwi unazama. Wanawake wakakaa chini nje ya mlango wa redio wakilia, hadi mtumbwi ukaibuka.

"Mimi ni mkono wao tu," Victorine alimlalamikia Ngeleka, fundi wa mitambo. "Wao wanasema, mimi ninaandika."

Ngeleka alicheka. Siku zile alikuwa bado anacheka.

Homa ilimchukua Douce haraka. Aliacha mtoto wa kike, Mamy, aliyekuwa hajaanza kutembea vizuri. Victorine alimbeba mgongoni kutoka makaburini na hakumpa mtu mwingine. Kisha, baada ya yale ya sokoni, akakaa akaandika kifo cha Faida. Aliona ni heshima: sauti imekwenda, na aende naye. Waigizaji waliobaki wakaimba wimbo wa mazishi, Ngeleka akanasa kaseti, na alasiri moja mji mzima ukasikia Tantine Faida akizikwa.

Kabla jua halijashuka, walikuwa wamejaa uani. Hawakuja na mawe. Walikuja na vitu ambavyo Victorine hakujua kwamba bado vipo Kindu: yai, konzi ya mchele, jogoo mmoja aliyefichwa na kupona sijui vipi. Waliviweka mlangoni.

"Kamata, Mama. Umurudishe."

"Nimrudishe vipi? Douce amekufa. Ninyi wenyewe mulimuzika."

"Douce tulimuzika," alijibu muuza sombe. "Faida hatukumuzika."

Victorine alipandwa na hasira iliyomtoa machozi. Aliwaambia Faida ni karatasi, ni maneno, hakuzaliwa na mtu. Wakamsikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Halafu mmoja akageukia dirisha la studio akaita, na wengine wakamfuata, wazee kwa watoto, uani pote: "Tantine Faida, uko?" Waliita hadi sauti zikawakauka.

Kesho yake Ngeleka alimwita ndani. Hakuwa anacheka.

"Mama, njoo usikie. Mi sijagusa kitu."

Kaseti ya mazishi ilikuwa inazunguka. Wimbo uliisha. Baada ya wimbo ilipaswa kuwa kimya, kwa kuwa hakuna kilichonaswa pale. Lakini ulisikika mlio wa kasia likiingia majini, polepole, likitoka, likiingia tena. Chumba kikajaa harufu ya makaa yaliyozimwa kwa maji, harufu nzito ya jivu bichi, na humo hamkuwa na jiko wala moto. Kisha kikohozi. Kisha sauti nyembamba, isiyo na pumzi ndani yake, kama mtu anayeongea bila kuvuta hewa:

"Niko. Ngoja."

Ngeleka akang'oa waya ukutani. Kaseti ikasimama. Sauti haikusimama. Iliendelea kidogo ndani ya spika iliyokufa, ikirudia neno moja lile, na nje, penye redio za barabara zote, watu walipiga vigelegele.

Aliyeletwa ni mwalimu Mauwa, mwanamke wa kijiji cha Tunda aliyekimbilia mjini na wanawe, anayejua kusoma dua na kuchemsha majani, na ambaye hata Wakristo walimwendea kwa mlango wa nyuma. Alivua viatu, akanusa chumba, akaweka kiganja juu ya spika kama anayempima mtoto homa.

"Hii haikuingia kwa mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Imeitwa."

"Na nani?"

Mauwa alielekeza kidevu dirishani. "Na wale wote. Mtoni kuna majini hawana jina, wanazunguka tu na njaa yao. Watu wakipenda jina moja hivi, na jina halina mwenyewe, ni sawa na nyumba wazi. Hii imeshaingia. Sasa inatafuta koo. Kuita peke yake hakuna neno. Lakini muntu mumoja akiitika kwa ile jina, kwa kinywa yake mwenyewe, njo basi. Atakuwa yake."

"Tufanye nini?"

"Muzime redio. Watachoka."

Alisoma hadi alasiri, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyooshea aya, kwenye mitambo, na mafuta ya mashine yakaachwa yaishe. Redio Ukingo ilinyamaza. Watu walimtukana Victorine hadi vita vilipomalizika, wakisema amewanyima kitu pekee walichokuwa nacho. Baadaye treni ilirudi, chumvi ikarudi, kila mtu akashughulika na maisha yake, na Victorine akaamini kwamba wamechoka kweli.

Hawakuchoka. Walikua tu.

Watoto waliosikiliza mchezo kwenye miguu ya mama zao wakawa watu wazima wenye simu. Mmoja wao, Franck, akawa mkubwa wa Redio Ukingo, yenye paneli za umeme wa jua juu ya paa sasa. Wengine walichimba dhahabu katika mji wa Kama, walilima Obokote, walifanya biashara Goma na Lubumbashi, na wote wakakutana katika kundi la simu lililoitwa Watoto wa Faida. Walisimuliana michezo ya zamani. Waligombana kuhusu rangi ya kitambaa chake. Victorine alipoingizwa humo na kujaribu kusahihisha jambo moja, kwamba mume wa kwanza wa Faida alikuwa mvuvi, walimjibu kwa heshima: "Mama, unakosea. Alikuwa seremala. Tunakumbuka vizuri." Yeye ndiye aliyemtunga. Alirusha simu kitandani.

Walitaka mchezo urudi. Alikataa. Wakatuma odio, ujumbe wa sauti, asubuhi na jioni, wengine wakilia, wengine wakimwita mchawi wa roho ya choyo. Wakatunga michezo yao wenyewe na kumpelekea asome. Mwishowe Franck alikuja nyumbani.

"Mama, mi nisipokubali watavunja milango. Na pia," akainamisha kichwa, "wakati wa njaa njo yeye alinivusha. Si mugeni, ni Faida."

"Franck, unajua kilichotokea. Ngeleka alikuwepo, alikueleza kabla ya kufa kwake."

"Ilikuwa vita, Mama. Watu walikuwa na njaa."

Hapo Mamy akaingia kutoka uani, mikono ikinuka mafuta ya nywele za wateja wake. Alikuwa amekuwa mwanamke mrefu, msusi anayejulikana mtaa wote wa Mikelenge, na kanisani walimpa kuimba peke yake. Alisema bila kuzunguka: "Sauti nitatoa mimi. Wameshaniomba."

Victorine alimweka chini akamwambia yote: kaseti, harufu, spika iliyosema bila umeme, maneno ya Mauwa. Hakuficha hata kimoja. Mamy alisikiliza akichezea chanuo.

"Mama, wewe umenilea, na sina neno na wewe," alisema. "Lakini kila muntu wa hii mji anakumbuka sauti ya mama yangu, isipokuwa mimi. Hata wauza makaa wanaikumbuka. Mimi hapana. Usinikataze."

Basi Victorine akaandika. Alifikiri, kama ni lazima, aandike mwenyewe, achunge kila neno, na Faida asiitwe wala asiitike. Alitunga mchezo mpya wa Faida aliyezeeka, ambaye ameuza mtumbwi na hasemi sana. Franck aliusoma akasema ni mzuri. Lakini siku ya kwanza ya kurusha, bila kumwambia Victorine, alifungua laini za simu ili wasikilizaji waanze wenyewe. Mtu wa Kama ndiye aliyeingia wa kwanza, sauti ikitetemeka kwa furaha.

"Tantine Faida, uko?"

Victorine alikuwa upande wa pili wa kioo. Alipiga kioo kwa viganja vyote viwili. Mamy alimwona, akatabasamu, akainamia kipaza sauti.

"Niko, ngoja!"

Na ndani ya spika kikasikika kikohozi. Mamy hakuwa amekohoa.

Siku za mwanzo ilikuwa sherehe. Wapita njia walisimama mbele ya kibanda cha ususi wakiita, Mamy akiwaitika huku akicheka, na kundi la simu likajaa hadi Franck hakuweza kusoma yote. Kisha Victorine akaanza kuona kwamba kila akiitika, kitu kidogo kinapungua. Kwanza Mamy aliacha kuimba akifua. Kisha akasahau jina la mteja aliyekuwa akimsuka tangu utotoni. Kisha akaanza kuwasalimu wazee kwa majina ya watoto wao waliokufa wakati wa kuzingirwa, majina ambayo hakuna aliyemfundisha, na wazee wakalia kwa shukrani wakamletea kuku. Nyumbani Victorine aliita "Mamy!" mara nyingi, na Mamy hakugeuka. Mtoto wa jirani akipita nje na kusema "Tantine Faida," aligeuka mara moja.

Mchana mmoja, jua likiwa juu kabisa na mabati yakilia kwa joto, Victorine alirudi kutoka sokoni akakuta ile harufu ya makaa yaliyozimwa imejaa hadi barabarani, na Mamy ameketi kizingitini, mikono juu ya magoti, mdomo umefungwa kama mfuko ulioshonwa, na koo lake linapanda na kushuka kana kwamba kuna kitu kinachomeza kwenda juu badala ya kwenda chini, na sauti ya Faida ilikuwa inatoka, si mdomoni, bali kutoka simu ya muuza vocha ng'ambo ya barabara, na redio ya fundi cherehani, na simu ya mpita njia aliyesimama kuichungulia kwa mshangao, na kila nyumba yenye kitu cha kusikiliza, zote kwa pamoja, zikiongea kwa upole kuhusu mtumbwi na maji na jinsi alivyongoja peke yake miaka yote hii, na kila sauti ilipovuta neno koo la Mamy lilijongea nalo, na macho yake, Victorine aliyaona alipopiga magoti mbele yake, yalikuwa ya Mamy bado, yamejaa machozi, yakimtazama kama mtu aliye ndani ya nyumba inayofungwa kwa nje.

Mwalimu Mauwa alikuwa hai, kikongwe mwenye fimbo, akiishi kwa mjukuu wake Mikelenge. Alimshika Mamy shingo akatoa mkono haraka.

"Siku ile ilikuwa redio moja na mashine moja," alisema. "Nilizima. Sasa nizime nini? Kila muntu anayo mufukoni."

"Lazima kuwe na njia, Mwalimu."

"Wale waliomuita wamuache. Wote. Hata siku moja tu, asiitwe na muntu. Wewe wanakusikia. Waambie."

Victorine alikwenda studioni, akamtoa mtangazaji kitini, akaongea na mji. Hakupamba. Alisema Faida si mtu, ni jini la mtoni lililovaa jina alilolitunga yeye. Alisema lipo kwenye koo la Mamy, mtoto wa Douce, na Mamy anakufa. Aliwaomba, kwa jina la wafu wao wa vita, siku moja tu wasiliite jina hilo. Sauti ilimkatika, akalia hewani, akaondoka.

Nje Franck alikuwa amesimama na simu, uso unang'aa.

"Mama! Ni mchezo wako muzuri kuliko yote. Angalia!"

Odio zilikuwa zinaingia kama mvua. Faida ni jini! Nani angefikiria? Mama Victorine bado ana akili! Na ile kulia mwishoni, kulia vile, ilikuwa kama kweli kabisa. Wengine walikuwa tayari wanagombana kama Faida alikuwa jini tangu mwanzo au aligeuka baadaye. Wengine walitaka jini liwe zuri, liwasaidie watu. Mtu wa Lubumbashi alimwomba asimuue Mamy, mchezo utakuwa na huzuni sana. Na kwa kuwa aliwaambia wasiite, waliona ndiyo kazi wanayopewa kama mashabiki, na katika kila odio, kwa kicheko, kwa wimbo, kwa ngoma, waliita.

"Franck," alisema Victorine. "Sikiliza. Si mchezo. Mutoto wangu anakufa."

Franck alimtazama, na kwa kitambo uso wake ulisita. Kisha akatabasamu tena. "Vile vile, Mama. Useme vile vile kesho."

Hakumpiga. Alitaka sana. Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita watu wanaomshangilia, na alipofika akamuuliza Mauwa jambo ambalo alikuwa amelifikiri njiani.

"Wakiita, na akaitika muntu mwingine kabla yake?"

"Usiniulize ile."

"Ninakuuliza."

Kikongwe aliegemea fimbo yake. "Itahama," alisema hatimaye. "Inapenda koo linalojitoa. Lakini dada yangu, sikia vizuri. Ikiingia kwako usifungue tena kinywa kusema. Hata jina lako. Koo lisilosema kwake ni kifungo. Itakaa humo na njaa yake mupaka watu wamusahau, halafu itatoka ikitafuta kwingine. Kama watamusahau."

Alasiri iliyofuata walimpeleka Mamy studioni kwa pikipiki, wakimshika katikati. Franck alifikiri wameleta mchezo, akawapisha kwa heshima. Mauwa alimfunga Mamy mdomo kwa kitambaa kilicholowa maji ya kombe, akamkumbatia kwa nyuma kwa mikono yake mikavu, na laini za simu zikafunguliwa. Waliita wengi mno, kutoka Kama na Obokote na barabarani nje, kwa pamoja, hadi jina likawa mvumo mmoja. Mamy akaanza kutikisika, kitambaa kikavutwa ndani ya kinywa chake, spika zikajaa mlio wa kasia. Harufu ikapanda hadi Franck akarudi nyuma akashika ukuta, na safari hii hakutabasamu.

Victorine akainamia kipaza sauti. Alikuwa amekwisha kumwambia Mamy maneno yote aliyotaka kumwambia, nyumbani, asubuhi, bila kujua kama anasikia.

"Niko," akasema. "Ngoja."

Mamy alianguka mikononi mwa Mauwa akipiga kelele, na kelele ile ilikuwa ya kwake, mbaya, ya mtu aliyeumizwa, na Victorine aliisikia kwa furaha kubwa kuliko wimbo wowote. Kisha kitu cha baridi kikamshuka kooni kama maji ya mtoni, kikageuka, kikakaa. Akafunga meno.

Mji ulisema Mama Victorine amepatwa na ugonjwa wa ulimi kwa sababu ya kazi nyingi. Franck, ambaye alikuwa ameona, alifunga laini na hakueleza mtu. Watoto wa Faida walikasirika. Walitaka mwisho. Walimtukana Victorine kwamba ameacha mchezo njiani kwa kiburi, wakatunga miisho yao, wakagombana nayo, wakagawanyika makundi mawili, kisha manne. Kila jina lilipoitwa mahali, Victorine alihisi lile la kooni likijinyoosha, akauma kitambaa. Lakini mwaka ulipogeuka likatokea kundi la wachekeshaji wa Goma, vijana wa kwenye simu wenye mchezo wa mwendesha pikipiki na mama mkwe, na watu wakahamia huko. Walianza kuwaandikia wale vijana nani aolewe na nani asife. Kundi la Faida likakauka. Mauwa alikuja kumpima shingo akasema inapungua, inapungua kweli, asichoke.

Mamy alipona. Alirudi kwenye ususi, ingawa hakuimba tena kanisani. Alimpikia Victorine, akamlisha uji, akamfulia. Na kila alasiri, wateja wakiisha, alileta kigoda akaketi karibu naye muda mrefu, akimtazama shingoni.

Siku moja Victorine alichukua kipande cha kaa la jikoni akaandika kwenye saruji: SI MAMA YAKO.

Mamy alisoma.

"Najua," alisema kwa upole. "Mwalimu alinieleza. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo, najua ni kitu gani." Akafuta maneno kwa kiganja, taratibu, hadi saruji ikabaki nyeusi. "Lakini sauti njo yake, Mama. Zile siku zote nilikuwa naogopa, na huku nasikiliza. Siwezi kusema uongo. Sitaita. Nimekuapia, sitaita. Niache tu nikae hapa."

Victorine alitikisa kichwa, akamshika mabega amsukume, lakini mikono yake ilikuwa ya mzee, na Mamy alikuwa na nguvu za msusi. Msichana aliyembeba mgongoni kutoka makaburini alisogea, akamkumbatia, akalaza sikio lake juu ya koo lake, akafumba macho. Hakuita. Alisikiliza tu, kwa moyo wake wote, na ndani, nyuma ya meno yaliyofungwa, Victorine alihisi kile kilichokuwa kimelala muda mrefu kikiamka, kikigeuka, na kusogea karibu na sikio.